Fundi wa TV za chogo arudi darasani

Mwezi Januari mwaka 2015, nilipoamua hatimaye kuzihesabu televisheni zilizokuwa zimelala katika karakana yangu hapa Moshi bila wenyewe kuzifuata, nilipata 31. Zote zilikuwa zile tunazoziita TV za chogo, zenye kioo kinene mbele na kisogo kirefu nyuma, na kila moja nilikuwa nimeibandikia karatasi yenye jina la mwenyewe, tatizo alilolieleza na tarehe aliyoileta. Kati ya hizo, 19 nilikuwa nimekwisha kuzitengeneza. Ukizichomeka zilikuwa zinawaka na kutoa picha safi, na wenye nazo walikuwa wakipita mbele ya mlango wangu karibu kila wiki, wananisalimu vizuri, wananiuliza habari za nyumbani, kisha wanaendelea na safari zao. Mteja anayebishana nawe juu ya bei hana tabu, kwa sababu huyo bado anakitaka kitu chake. Asiyekuja kabisa, hata baada ya kupigiwa simu kwamba kimepona, amekwisha kununua kingine na anaona aibu kukwambia.

Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya kwa miaka 29. Nilianza mwaka 1986, nikiwa na umri wa miaka 18, kama mwanagenzi wa fundi redio mmoja aliyekuwa na kibanda karibu na stendi, na miezi yangu ya kwanza ilikuwa ya kufagia, kupasha moto chuma cha kulehemu na kutumwa betri dukani. Utangazaji wa televisheni ulipoanza Tanzania Bara mwaka 1994 (wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970), mzee yule alikataa kuzigusa kwa sababu ya ukali wa umeme uliomo ndani yake, nami nikaona hapo ndipo pa kutokea. Sikuisomea kazi ile. Nilijifunza kwa kununua televisheni mbovu, kwa michoro ya sakiti iliyotolewa kopi mara nyingi hadi mistari ikafifia, na kwa kupigwa shoti mara mbili. Kioo cha TV ya chogo ya rangi huhitaji umeme wa takribani volti 25,000, na sehemu ya umeme huo hubaki ndani ya kioo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mkono wangu ulilizoea ni kuumaliza umeme huo kwa bisibisi iliyofungwa waya wa ardhi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ilikuwa kazi nzuri, na sioni haya kusema kwamba ilinijengea nyumba ya vyumba vitatu na kusomesha watoto wawili. Moshi ina Desemba yake: watu waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi migombani kwa Krismasi, na hakuna aliyetaka kufika kwa wazazi akakuta televisheni aliyowanunulia imefunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa chombo cha maua juu yake. Kodi ya chumba ya nusu mwaka niliipata katika wiki tatu za mwezi huo. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011, ulioumiza watu wengi, kwangu ulikuwa neema ambayo sikuitaja hadharani, kwa sababu kila umeme uliporudi kwa kishindo ulikuwa unaunguza televisheni mtaa mzima.

Nayaeleza haya ili ieleweke kwa nini sikuona mapema. Mwaka 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa katika miji yetu na kila mtu akalazimika kuwa na king'amuzi, wenzangu wengi walinihurumia wakidhani kazi yangu imekwisha. Ilikuwa kinyume chake. TV nyingi za zamani zilihitaji kutengenezewa tundu la kuchomekea king'amuzi, au kutafutiwa chaneli ambayo mwenyewe hakujua kuwa ipo, na mwaka huo niliingiza fedha nyingi kuliko miaka miwili iliyotangulia. Nikajiambia kwamba kama dhoruba hiyo imepita na mimi nimesimama, basi nitasimama daima. Kumbe kilichoiua kazi hakikuja na tangazo redioni. TV bapa, au flati kama tunavyosema mitaani, zilishuka bei mwaka hadi mwaka, na flati ikivunjika kioo, kioo chake peke yake hugharimu karibu sawa na kununua nyingine, kwa hiyo hata waliohama kutoka chogo hawakuhama na fundi wao. Muuza vipuri niliyemtegemea kule Arusha alianza kunijibu neno moja kila nilipompigia: "Hiyo haiji tena, fundi." Nililisikia kwa mwaka mzima bila kulielewa.

Watu wanapozungumza juu ya mtu mzima kujifunza kazi mpya, huzungumza kana kwamba ugumu wote uko darasani: kichwa kimekuwa kigumu, macho yamechoka, umri umekwenda. Hayo yapo, na nitayataja. Lakini kwangu ugumu ulianza kabla ya darasa, katika kuamua nini cha kazi ya zamani nikibebe na nini nikiache, na mara ya kwanza nilibeba visivyobebeka.

Mara hiyo ya kwanza ilikuwa kozi ya kutengeneza simu, ya wiki sita, katika kituo cha watu binafsi ambacho sina haja ya kukitaja. Niliichagua kwa sababu ilionekana kuwa jirani na nilichokijua: sakiti ni sakiti, risasi ya kulehemu ni ileile, meza yangu ni ileile, na hata kibao cha mlangoni ningekipaka rangi upya mstari mmoja tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikiilinda heshima yangu ya mtaani. Tulikuwa wanafunzi 22 na hadubini moja, mwalimu alikuwa na duka lake la simu mjini na alifika siku mbili kati ya tano, na cheti tulipewa bila kupimwa na mtu yeyote. Hayo ningeweza kuyavumilia. Kilichonishinda ni vipande vyenyewe, vidogo kuliko punje ya mchele, ambavyo kijana wa miaka 20 huviondoa kwa hewa ya moto huku akiongea na mteja, ilhali mimi nilihitaji miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, na mkono wangu uliozoea kushika vitu vizito ulikuwa ukitetemeka. Nilipofungua meza ya simu karakanani, nikakuta kwamba kutoka mlangoni kwangu hadi kona ya mtaa kuna mafundi simu saba, wote vijana, wote wepesi kuliko mimi, na wanne kati yao wakitoza chini ya gharama yangu ya vipuri. Miezi mitano baadaye nikaifunga meza ile. Laki nne zilikuwa zimekwenda, na zilikuwa laki nne za mke wangu.

Mke wangu anauza nafaka katika soko la Mbuyuni, na miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza ushauri juu ya kazi ya ufundi, kwa sababu aliyokuwa akiyajua juu ya umeme ni kuwasha na kuzima. Jioni moja, baada ya kula, aliniuliza, "Baba Neema, hivi watu wanatengeneza nini siku hizi?" Nikamjibu kwa hasira kidogo kwamba watu hawatengenezi kitu siku hizi, wananunua na kutupa. Hakubisha. Alinitajia tu aliyoyaona sokoni wiki ile: mama mmoja anayeuza samaki kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu alikuwa amekodi pikipiki kumfuata fundi Majengo kwa sababu jokofu lake limeacha kugandisha, muuza mtindi alikuwa amehamishia maziwa yake kwa jirani, na mwenye bucha alikuwa amelipa fundi wa Arusha nauli ya kwenda na kurudi. Kisha akasema jambo ambalo nimelirudia kwa kila aliyekuja kuniomba ushauri tangu siku hiyo: "TV ikiharibika mtu atalala. Samaki hawalali."

Nililala nikilitafakari. Katika miaka 29 sikuwahi kujiuliza hasara ya mteja inaanza lini. TV ilipokufa, mteja alikosa taarifa ya habari, akaudhika, akaja Jumamosi akipata nafasi. Friji ya biashara inapokufa, mwenye friji anapoteza fedha tangu saa ile, na hawezi kusubiri kununua nyingine kwa sababu mali iliyomo ndani inaoza leo. Kazi ya namna hiyo haiuawi kirahisi na bei ya kitu kipya. Niliposikia kwamba chuo kimoja cha ufundi stadi kilikuwa na kozi ya jioni ya majokofu na viyoyozi, ya miezi sita, nilikwenda kuuliza, ingawa ilinichukua siku tatu za kupita mbele ya geti bila kuingia.

Mwaka 2016, nikiwa na miaka 48, nikawa mwanafunzi. Darasani tulikuwa 17, na aliyenifuata kwa umri alikuwa na miaka 31. Vijana walinipa shikamoo kila jioni, wakaniachia kiti cha mbele, na kwa wiki mbili za kwanza hakuna aliyeniuliza swali wala kunisahihisha, jambo ambalo kwa nje ni adabu na kwa mwanafunzi ni hasara kubwa, kwa sababu darasani mtu hujifunza kwa kukosolewa. Mwalimu wetu alikuwa na miaka 29, umri sawa na urefu wa kazi yangu yote. Yeye alikuwa ananiita "mzee wangu" nami nikimwita "mwalimu", na kila mmoja wetu alikuwa akimwonea mwenzake haya. Mambo yalibadilika siku nilipounguza bomba la shaba. Kuunganisha mabomba ya shaba kwa moto wa gesi si sawa na kulehemu kwa risasi: bomba lenyewe ndilo linalotakiwa kupata moto hadi liyeyushe fimbo, na mimi, kwa mazoea ya miaka, niliupeleka moto kwenye fimbo, ikadondoka matone sakafuni, na nilipokazania bomba likatoboka. Kijana mmoja akacheka kabla hajajizuia. Nikacheka na mimi. Tangu jioni ile wakaanza kuniambia nilipokosea, na ndipo kozi ilipoanza kwangu.

Somo la nadharia lilinitesa. Hesabu za shinikizo na jotoridi, na lile jedwali linaloonyesha gesi fulani huchemka kwa nyuzi ngapi ikiwa chini ya shinikizo fulani, nililiweka ukutani karibu na kitanda na kulisoma kama mtoto anayejifunza tebo ya kuzidisha. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kuishia hapo, na tangu wakati huo sikuwa nimesoma maandishi marefu zaidi ya gazeti. Binti yangu Neema, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa ananisomea maswali jioni ya Jumapili na kunisahihisha kwa kalamu nyekundu, bila huruma.

Palikuwa na mambo ambayo tayari niliyajua bila kujua kwamba nayajua. Kompresa ya friji, ile mashine inayosukuma gesi, ina koili mbili, ya kuwashia na ya kuendeshea, na ncha tatu za umeme, na ukikutana nayo bila alama hujui ipi ni ya kuwashia, ipi ni ya kuendeshea na ipi ni ya pamoja. Unapima ukinzani kati ya kila jozi. Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni namba tatu: omu 14, omu 22 na omu 36. Wenzangu walikuwa wamekariri picha ya kitabuni inayoonyesha ncha ipi hukaa upande gani, na kompresa iliyokuwa mezani ilikuwa ya mtengenezaji mwingine aliyezipanga tofauti. Mimi niliona mara moja kwamba 36 ni jumla ya zile mbili, kwa hiyo kipimo hicho kimepita katika koili zote mbili, na ncha ambayo haikuguswa wakati wa kupima 36 ndiyo ya pamoja. Kutoka hapo, kwa kuwa koili ya kuwashia ndiyo yenye ukinzani mkubwa zaidi, ile inayosoma omu 22 dhidi yake ni ya kuwashia na ile ya omu 14 ni ya kuendeshea. Mwalimu akaniomba nisimame niwaeleze. Nilieleza vibaya kiasi kwamba hakuna aliyeelewa, hadi yule kijana aliyenicheka akasimama akayarudia kwa maneno yake. Niligundua siku hiyo kwamba miaka yote nilikuwa nikifanya jambo moja ambalo halikuwa TV: kugawa kitu kibovu vipande viwili, kupima katikati, kuacha upande ulio mzima, na kugawa tena uliobaki. TV inapoonyesha mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, fundi hagusi sehemu ya kupokelea umeme, kwa sababu mstari wenyewe ni ushahidi kwamba umeme umefika. Anakwenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoivuta picha juu na chini. Friji inayonguruma bila kupoza inazungumza lugha hiyohiyo.

Kosa langu kubwa nalo lilitokana na kazi ya zamani. Mwezi wa nne wa kozi, kabla sijaruhusiwa na mtu, nilipokea kazi ya mwenye bucha mmoja wa Pasua ambaye jokofu lake lilikuwa limevuja gesi. Niliziba tundu, nikajaza gesi, nikaliwasha, likagandisha vizuri sana, nikalipwa na kwenda zangu. Nilikuwa nimeruka hatua moja. Kabla ya kujaza gesi ni lazima kuvuta hewa yote kwa pampu, kwa muda wa kutosha, ili unyevu uliomo ndani ya mabomba utoke. Pampu sikuwa nayo, na ya kukodi niliona ni gharama. Unyevu ukibaki huganda mahali gesi inapotokea katika bomba jembamba kama sindano, unaziba njia, jokofu linaacha kupoza, barafu ile inayeyuka, linapoza tena, linaziba tena. Kwa siku mbili mwenye bucha alidhani ni umeme. Siku ya tatu akanipigia, na nilipofika alikuwa ametenga kilo 14 za nyama pembeni. Nilizilipa zote. Katika TV, ikiwaka imewaka, na kosa la fundi huonekana fundi akiwa bado amesimama hapo. Katika friji kosa hujificha hadi umekwisha kuondoka, kwa hiyo kipimo cha kazi nzuri ni hatua ulizozipitia, hata kama leo kila kitu kinaonekana kizima. Kulikubali jambo hilo kuliniwia vigumu kuliko jedwali la shinikizo, maana nilikuwa fundi wa kuaminika mtaani kwa sababu ya kuamini macho yangu.

Chuoni ndipo nilipopata kusikia pia kwamba VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata nje ya mfumo rasmi: mwombaji hupimwa na wataalamu kwa kazi anayoifanya, hufundishwa pale anapopungukiwa, kisha hupewa cheti. Nilikuwa nimefanya kazi miaka 29 nikijiita fundi wa mtaani, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mlango huo upo. Siwalaumu walioutengeneza. Ninachokiona ni kwamba kiwanda kinapofungwa kuna barua, kuna kikao, kuna chama cha wafanyakazi kinachopiga kelele, na jina la kiwanda huandikwa gazetini. Kazi ya kibandani inapokufa hakuna anayeitangaza, kwa sababu waliokuwa wakiifanya hawakuwa katika orodha ya mtu yeyote. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kwa hesabu ya mishahara wanayolipa, na sehemu ya tozo hiyo huendesha vyuo kama kile nilichosoma, lakini fundi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumtuma kozi wala wa kumwonya kwamba kazi yake imezeeka. Wa kumwonya ni muuza vipuri anayesema "haiji tena".

Sasa niseme juu ya fedha, kwa maana naona wengi huliruka jambo hili. Ada ndiyo iliyokuwa gharama ndogo kuliko zote. Gharama yenyewe ni kipindi ambacho kazi ya zamani imekwisha kulipa na mpya haijaanza, na kwangu kilidumu miezi 11: sita ya kozi na mitano ya kutafuta wateja. Nyumba iliendeshwa na meza ya nafaka ya Mbuyuni. Mke wangu alichukua mkopo katika kikundi chao cha VICOBA ili ninunue pampu ya kuvuta hewa, geji na mzani mdogo wa kupimia gesi, na kila wiki alipeleka marejesho yeye mwenyewe mbele ya wanawake wenzake, nami nikiwa nyumbani nasoma. Nilijifunza kukaa kimya hapo. Mwanamume wa rika langu aliyezoea kuulizwa "fundi, umenibakizia ngapi?" anapoanza kuomba nauli, jambo hilo lina uchungu wake, na nimewaona wawili wa mtaa wetu walioacha kozi katikati kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya ugumu wa masomo. Mmoja aliniambia wazi kwamba ni heri akae kibandani bila kazi kuliko kuonekana akitoka nyumbani na daftari.

Wala kazi mpya haidumu milele, na hili tuliambiwa tangu wiki ya kwanza. Friji za zamani zilitumia gesi ya R-12, ambayo iliondolewa duniani kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Ikaja R-134a, ambayo haiharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia, na Oktoba mwaka 2016, nilipokuwa bado natafuta wateja wangu wa kwanza, nchi zilikubaliana Kigali kuipunguza hiyo nayo pamoja na jamii yake. R-22 ya viyoyozi ina tarehe yake, kwani nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeiondoa karibu yote ifikapo mwaka 2030. Friji ndogo zinazoingia sasa nyingi hutumia R-600a, ambayo ni gesi inayowaka moto. Ndani yake mna gramu chache tu, lakini fundi anayefungua bomba lake kwa moto, kama tulivyofundishwa kwa zile za zamani, anahatarisha uso wake. Kwa hiyo nimekwisha kurudi darasani mara mbili zaidi, kwa kozi fupi za siku chache, na sasa muuza gesi anaponiambia kwamba aina fulani imepanda bei au haipatikani, ninaandika tarehe katika daftari.

Vijana niliosoma nao wametawanyika. Watatu wako Arusha katika mahoteli, mmoja yuko na kampuni inayopoza maua na mboga kabla hazijasafirishwa, na yule aliyenicheka tunapigiana simu karibu kila wiki. Yeye hunitafutia mtandaoni michoro ya bodi za friji mpya, zile ambazo kompresa yake huendeshwa kwa sakiti ya kielektroniki, na mimi humtengenezea bodi hizo, kwa maana ikifika kwenye kulehemu vipande vya kiasi hicho, ambavyo si vidogo kama vya simu, macho yangu bado yanatosha. Kipato changu cha mwezi kilirudi mahali kilipokuwa mwaka 2010 baada ya miaka miwili na nusu tangu niingie darasani. Sikufika huko mapema zaidi, na mtu akikuahidi miezi mitatu, mwulize yeye mwenyewe alibadilisha kazi lini.

Mwaka jana alikuja kwangu fundi viatu mmoja wa mtaa wa pili, mwenye miaka 55, ambaye viatu vya plastiki na mitumba vimemwachia kazi ya kushona soli tu. Alitaka nimwambie kama umri wake unaruhusu. Sikumjibu juu ya umri. Tulichukua karatasi tukaandika nani ataendesha nyumba kwa mwaka mmoja, kisha nikamwuliza mkono wake unajua nini ambacho si kiatu. Alifikiri kwa muda mrefu. Alisema anajua ngozi: kuikata bila kupoteza, kuilainisha, kuiona ikiwa bado mbichi. Alitaja viti vya magari, vile vya Noah na Coaster vinavyochanika, akakunja karatasi na kuitia mfukoni.

Zile televisheni 31 niliwapigia wenyewe simu kwa mara ya mwisho kabla ya kuanza kozi. Sita zilichukuliwa. Nyingine nilizivunja, nyaya zake za shaba niliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, fedha ile ikalipa kozi kwa mwezi mmoja na nusu, na bodi zake zimenipa vipuri hadi leo. Vioo hawakuvitaka. Kioo cha TV ya chogo kina madini ya risasi yenye sumu ndani yake, hakiyeyushwi pamoja na chupa, na hakifai kutupwa penye maji wala karibu na mgomba. Vimepangwa nyuma ya karakana, 25, chini ya bati, nyuso zimeelekea ukutani.